Jinsi ya Kuomba Ufadhili na Msaada wa Ada Katika Shule Binafsi za Maandalizi ya Chuo Marekani: Mwongozo Kamili kwa Mzazi

Wazazi wengi wanaotamani kumpeleka mtoto katika shule binafsi ya maandalizi ya chuo nchini Marekani huishia kwenye bei. Shule kubwa za bweni sasa zinatoza zaidi ya dola 70,000 kwa mwaka, na mzazi akiona tarakimu hiyo anaona hapamfai. Lakini shule hizo hizo zina wanafunzi wengi wasiolipa hata robo ya kiasi hicho, na wapo wasiolipa kitu. Phillips Academy ya Andover, iliyoanzishwa mwaka 1778, na Phillips Exeter Academy, iliyoanzishwa 1781, kila moja ina mfuko wa uwekezaji unaozidi dola bilioni moja. Sehemu ya faida ya mifuko hiyo ndiyo inayosomesha watoto ambao wazazi wao hawana uwezo.

Pesa ipo, ila ina fomu zake, tarehe zake na watu wake wa kuulizwa. Mtoto anaweza kupata nafasi kwa ufaulu wake na asipate senti hata moja kwa sababu mzazi hakuomba, au aliomba kwa kuchelewa. Kwa hiyo ombi la msaada wa ada lichukulie kuwa ombi la pili, lenye uzito sawa na lile la masomo, na ulianze siku moja nalo.

Fedha zenyewe ni za aina gani

Kuna ufadhili wa sifa, unaotolewa kwa mtoto aliyefanya vizuri sana darasani, kwenye muziki, sanaa au michezo, bila kuangalia sana kipato cha nyumbani. Halafu kuna msaada wa ada kwa uhitaji, unaopimwa kwa hali ya kifedha ya familia. Wazazi wengi hukimbilia ule wa kwanza kwa sababu jina lake linapendeza. Ukweli ni kwamba katika shule za maandalizi za Marekani fedha nyingi zipo kwenye fungu la uhitaji. Ufadhili wa sifa mara nyingi ni kiasi kidogo, pengine elfu chache za dola, na baadhi ya shule kubwa kabisa hazina ufadhili wa sifa hata mmoja. Mzazi anayetafuta ufadhili wa sifa peke yake anaacha fungu kubwa mezani.

Msaada wa uhitaji haurudishwi. Shule chache huuchanganya na mkopo, na hilo utaliona kwenye barua ya ofa, kwa hiyo usome kila mstari.

Tofauti nyingine ni kama shule inaangalia mfuko wa mzazi wakati wa kuamua nani apate nafasi. Shule nyingi huangalia. Zina bajeti ya msaada, na bajeti ikiisha, mtoto mzuri anayehitaji fedha anaweza kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri. Chache zimetangaza kwamba hazitaangalia: Andover ilichukua uamuzi huo mwaka 2007, Exeter mwaka 2021. Usiombe shule hizo mbili tu kwa sababu hiyo, maana ushindani wake ni mkali mno. Lakini ukijua shule yako iko upande gani, utajua uombe shule ngapi. Ninashauri orodha iwe na shule sita hadi nane, na angalau tatu kati yake ziwe shule zisizo na jina kubwa lakini zenye rekodi ya kuwapa msaada watoto wa aina ya mwanao.

Uliza kabla hujajaza chochote

Hatua hii wengi huiruka, na mimi naiona ndiyo yenye faida kuliko zote. Andikia ofisi ya udahili barua pepe fupi mwezi wa Septemba au Oktoba, mwaka mmoja kabla ya mtoto kuanza, na uulize mambo haya waziwazi:

- Je, mnatoa msaada wa uhitaji kwa mwanafunzi asiye raia wala mkazi wa kudumu wa Marekani? (Kama mnaishi nje, hili ndilo swali la kwanza.)
- Kwa wastani mnawapa msaada wanafunzi wangapi wa kimataifa kila mwaka, na katika madarasa yapi?
- Mkishamkubali mtoto, mnaziba pengo lote la uhitaji au sehemu tu?
- Nisipoomba msaada sasa, naweza kuomba mwaka wa pili?
- Msaada unagusa vitabu, kompyuta, bima ya afya na nauli, au ada na bweni peke yake?

Swali la nne lina mtego. Kuna wazazi wanaofikiria kuingia kwanza kama walipaji kamili, kisha waombe msaada mtoto akishakuwa ndani. Shule nyingi zimeziba njia hiyo: usipoomba wakati wa udahili, utasubiri mwaka mmoja, miwili, au mpaka mtoto amalize, isipokuwa kama limetokea janga kama kifo au kupoteza kazi. Ukificha uhitaji mwanzoni, unaweza kulazimika kumtoa mtoto katikati ya masomo, na hilo linamuumiza kuliko kukataliwa.

Shule itakayokujibu kwamba haina msaada kwa wanafunzi wa kimataifa ishukuru na uifute kwenye orodha. Imekuokolea miezi mitano.

Kalenda

Kwa shule za bweni, mwaka wa udahili huenda hivi. Fomu za msaada hufunguliwa msimu wa vuli, kati ya Septemba na Oktoba. Maombi ya masomo na ya msaada hufungwa kuanzia katikati ya Januari hadi mwanzoni mwa Februari. Majibu ya shule nyingi hutoka Machi 10, na familia hutakiwa kujibu kufikia Aprili 10. Shule za kutwa zina tarehe zake, na katika miji mikubwa huwa zimekubaliana tarehe moja ya majibu, kwa hiyo angalia kila shule.

Tarehe ya mwisho ya msaada wakati mwingine ni tofauti na ya masomo. Ziandike zote mbili.

Maombi ya masomo yenyewe hufanyika kwa mifumo ya pamoja kama SAO na Gateway to Prep Schools, inayokuwezesha kutuma insha na barua za walimu kwa shule kadhaa. Mtihani wa kuingia ni SSAT au ISEE, ingawa shule kadhaa zimeufanya kuwa hiari. Ada ya mtihani na ya maombi inaweza kusamehewa. Ofisi ya udahili ndiyo inayotoa msamaha huo ukiomba. Mtoto asiyesomea kwa Kiingereza ataombwa pia mtihani wa Kiingereza, TOEFL au Duolingo English Test.

Fomu ya hali ya kifedha

Shule nyingi hazikokotoi kipato chako zenyewe. Hutumia huduma ya nje: SSS, ambayo fomu yake inaitwa PFS, au Clarity, au FACTS. Unajaza mara moja, shule zote ulizochagua ndani ya huduma hiyo zinaiona. Kama orodha yako ina shule zinazotumia huduma mbili tofauti, utajaza fomu mbili. Ipo ada ndogo ya kujaza, na familia yenye kipato cha chini inaweza kuomba isamehewe.

Kabla ya kuifungua, kusanya nyaraka hizi mahali pamoja: hati za mshahara za miezi ya karibuni au barua ya mwajiri yenye mshahara wa mwaka, ritani ya kodi ya mwaka uliopita (kwa wanaoishi Marekani, fomu 1040 pamoja na W-2, yaani taarifa ya mshahara inayotolewa na mwajiri), taarifa za benki, hesabu za biashara kama unayo, thamani ya nyumba na deni lililobaki, na ada unazolipia watoto wengine. Kwa aliye nje ya Marekani, nyaraka zisizo za Kiingereza zitafsiriwe, na uandike pembeni kiwango cha kubadilisha fedha ulichotumia pamoja na tarehe yake. Afisa anayesoma faili mia kadhaa hapaswi kubahatisha tarakimu zako zilitoka wapi.

Fomu inauliza kipato cha wazazi wote wawili. Walioachana hujaza kila mmoja ya kwake, hata kama mmoja hachangii chochote. Kama mzazi mwenzio hapatikani, iandikie shule mapema ukiambatisha uthibitisho, wala usiache sehemu ile wazi. Mzazi wa kambo unayeishi naye kwa kawaida huhesabiwa pia. Na kama mmoja wenu hafanyi kazi huku watoto wote wameshaanza shule, baadhi ya shule zitakadiria kipato ambacho angeweza kukipata. Ipo sababu halali ya kukaa nyumbani, kama kumuuguza mgonjwa? Iseme.

Kwa mwenye biashara kuna jambo la kujua. Hesabu za kodi zinaweza kuonyesha hasara kwa sababu ya uchakavu wa mitambo au gari. Shule huwa inazirudisha gharama hizo kwenye kipato, kwa kuwa hakuna pesa iliyotoka mfukoni mwaka huo. Usishangae mchango wako ukihesabiwa kuwa mkubwa kuliko ritani inavyoonyesha. Vivyo hivyo, mkopo wa gari au deni la kadi kwa kawaida havipunguzi sana hesabu.

Wanaolea watoto wa ndugu, au wanaomtunza mzazi mzee, mara nyingi huona aibu kuwataja kwa kudhani fomu inataka watoto wa kuzaa tu. Wataje. Fomu ina sehemu ya wategemezi wengine, na ina nafasi ya maelezo. Andika ni nani, unampa kiasi gani kwa mwezi, na kwa nini jukumu hilo ni lako. Mzigo ambao haukuandikwa, kwa afisa wa udahili haupo.

Mwisho wa yote, mfumo unatoa tarakimu moja: makadirio ya mchango wa familia. Hayo ni mapendekezo kwa shule, na shule ndiyo yenye uamuzi. Mchango huo hugawanywa kwa idadi ya watoto mnaowalipia ada. Tuseme mfumo umesema familia inaweza kutoa dola 8,000 na kuna watoto wawili katika shule za kulipia: kila mtoto anahesabiwa dola 4,000. Ndiyo maana ada ya mdogo wake, hata iwe ndogo kiasi gani, haipaswi kusahaulika kwenye fomu.

Barua ya maelezo

Tarakimu hazisemi kwamba duka liliungua au kwamba baba anaumwa. Barua ya ukurasa mmoja, iliyoandikwa kwa Kiingereza na kuambatishwa kwenye fomu, inafanya kazi hiyo. Nyingi nilizoziona zina kasoro ile ile: zinaomba huruma na hazitoi kiasi. Afisa hawezi kuingiza huruma kwenye jedwali la bajeti. Barua inayomsaidia huwa na kiini cha namna hii:

*"Mapato yetu ya mwaka jana yalikuwa dola 31,400: mshahara wa mama dola 22,000 na biashara ya baba dola 9,400. Biashara ilifungwa mwezi Agosti baada ya baba kufanyiwa upasuaji, na mwaka huu tunategemea mshahara wa mama peke yake. Tuna watoto watatu, na tunamlea mpwa wetu aliyefiwa na wazazi. Ada yake ni dola 1,100 kwa mwaka. Tunaweza kuchangia dola 2,500 kwa mwaka, kwa awamu kumi za dola 250. Tumeambatisha barua ya hospitali na hati ya kufunga biashara."*

Kila sentensi ina kitu cha kuthibitika. Ile ya mchango ina uzito wa pekee: inaonyesha familia imeketi, imepiga hesabu, na inajua inachoweza. Taja kiasi ambacho kweli utakitoa kila mwezi kwa miaka minne. Kutaja kikubwa ili uonekane una nia ni hatari, kwa sababu utashikiliwa hapo hapo.

Na usidanganye. Shule hulinganisha fomu na nyaraka, na ikigundua akaunti iliyofichwa inaweza kufuta msaada hata mtoto akiwa tayari darasani.

Mahojiano

Mtoto atahojiwa ana kwa ana au kwa video, na mara nyingi wazazi pia. Mtoto hatakiwi kuzungumzia fedha. Aachwe aongelee masomo, vitu anavyovipenda, na atakachokileta shuleni. Wewe ukiulizwa kuhusu msaada, jibu kwa ufupi: tumeomba msaada, fomu imekamilika, bila msaada hatutaweza. Hakuna afisa anayemdharau mzazi kwa jibu hilo. Wanalisikia kila siku, na wengi wao ndio watakaosimama mbele ya kamati kumtetea mwanao.

Kusoma barua ya ofa

Machi ikifika, usiangalie tarakimu ya msaada peke yake. Angalia kitakachobaki kutoka mfukoni mwako baada ya kila kitu. Tuchukue mfano wa shule mbili.

Shule ya kwanza inatoza dola 68,000 na imetoa msaada wa dola 62,000. Pengo ni dola 6,000. Msaada wake unagusa pia vitabu, kompyuta, bima na safari moja ya kwenda nyumbani, hivyo matumizi mengine ya familia ni kama dola 1,500. Jumla ni dola 7,500.

Shule ya pili inatoza dola 64,000 na imetoa dola 59,500. Pengo ni dola 4,500 tu, na hapo ndipo mzazi hushawishika. Lakini bima ya afya ni dola 2,400, vitabu na kompyuta dola 1,700, nauli dola 2,600, vyote juu yako. Jumla ni dola 11,200.

Ofa iliyoonekana kuwa na pengo dogo imezidi nyingine kwa dola 3,700 kila mwaka. Kwa hiyo chukua karatasi, chora safu moja kwa kila shule, na uingize pia amana ya kushika nafasi, nguo za baridi, sare au mavazi rasmi, masomo ya muziki ya ziada, na safari za darasa. Usisahau likizo: mabweni mengi hufungwa wiki ya sikukuu ya Thanksgiving mwezi Novemba, mwisho wa Desemba, na tena Machi. Mtoto asiyeweza kusafiri kurudi kwao lazima awe na pa kufikia. Iulize shule kama ina familia za kupokea wanafunzi, na kama zinatoza.

Ofa ikiwa haitoshi, unaruhusiwa kuomba iangaliwe upya. Piga simu au andika kabla ya Aprili 10, shukuru kwanza, kisha eleza kilichobadilika au kilichosahaulika, ukiambatisha nyaraka. Ukiwa na ofa bora kutoka shule nyingine, itaje kwa upole na uitume. Kusema tu kwamba kiasi ni kidogo hakusaidii. Sema pengo unaloweza kuziba na linalokushinda. Iulizie pia mpango wa kulipa kwa awamu za kila mwezi, ambao shule nyingi zinao.

Kabla ya kusaini mkataba wa uandikishaji, soma kipengele cha kujiondoa. Katika mikataba mingi, baada ya tarehe fulani unadaiwa ada ya mwaka mzima hata mtoto akiondoka Oktoba.

Kwa mtoto anayetoka nje: I-20 na viza

Shule lazima iwe imeidhinishwa na serikali ya Marekani kupokea wanafunzi wa viza ya F-1. Ikimkubali mtoto, inatoa fomu I-20 inayoonyesha gharama ya mwaka, msaada uliotolewa, na kiasi kinachobaki kwa familia. Kiasi hicho kinachobaki ndicho utakachothibitisha kwa taarifa za benki, kwa shule na baadaye ubalozini. Kisha kuna ada ya dola 350 ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi wa kigeni, na ada ya viza juu yake. Shule zingine hulipia hata hizi kwa wenye msaada kamili, uliza.

Huenda ukaambiwa umpeleke mtoto shule ya serikali ya Marekani kwa kuwa ni bure. Kwa mwenye F-1 si bure. Sheria ya mwaka 1996 inamruhusu kusoma sekondari ya serikali kwa miezi 12 tu, na kwa kulipa gharama yote, huku shule ya msingi ya serikali ikiwa imefungwa kabisa kwake. Shule binafsi haina kikomo hicho. Ujue pia kwamba viza ya mtoto haimpi mzazi haki ya kwenda kuishi naye.

Mawakala wanaoahidi ufadhili wa asilimia mia kwa malipo ya awali waepuke. Msaada unaamuliwa na kamati ya shule, na hakuna wakala anayeuuza.

Kwa familia zinazoishi Marekani

Nyinyi mna njia za ziada, na nyingine huanza mapema kuliko mnavyodhani. A Better Chance, iliyoanzishwa 1963, huwaunganisha wanafunzi wa jamii zisizo na uwakilishi wa kutosha na shule binafsi nchi nzima. Prep for Prep, iliyoanza 1978 jijini New York, huwaandaa watoto kwa miezi mingi ya masomo ya ziada kabla ya kuwapeleka shule hizo. Programu ya Young Scholars ya Jack Kent Cooke Foundation huombwa mtoto akiwa darasa la saba. Ukisubiri mpaka la nane, umeikosa.

Mwaka wa pili na kuendelea

Msaada huombwa upya kila mwaka, kwa fomu ile ile na nyaraka mpya, mara nyingi kabla ya mwaka wa masomo kufika nusu. Familia ambayo hali yake haijabadilika kwa kawaida huendelea kupata kiasi kinacholingana na cha kwanza, na ada ikipanda msaada huongezwa. Mabadiliko yakitokea kati ya mwaka, kama kazi kupotea au mtoto mwingine kumaliza shule, iandikie ofisi ya msaada mwezi huo huo. Hifadhi nakala ya kila fomu uliyotuma, maana mwaka unaofuata wataweka ya zamani na mpya sambamba, na tofauti yoyote watakuuliza wewe.